UBSan kwenye kigawa rejista: tathmini ya mtumiaji wa Kigoma baada ya muhula mmoja

Chombo ninachokitathmini hapa hakina duka, hakina kifungashio na hakiuzwi. Ni UBSan, kikaguzi kinachokuja pamoja na GCC na Clang, ambazo ni kompaila, yaani programu zinazotafsiri msimbo ulioandikwa na mtu kuwa amri za prosesa. Kazi yake ni kuikamata programu ya C au C++ pale inapotenda jambo ambalo kanuni rasmi ya lugha hiyo haikulitolea maelezo. Nimekitumia kwa muhula mzima hapa Mwanga, Kigoma, kusafisha sehemu moja tu ya kompaila ndogo ambayo mimi na mwenzangu tunaitunza kwa ajili ya kufundishia, yaani sehemu inayogawa rejista. Sikukijaribu kwenye mambo mengine, kwa hiyo anayetafuta maoni kuhusu tovuti au programu za simu hatayapata hapa.

Kwa asiyeijua kazi ya kugawa rejista, mfano wa karibu ni mama lishe aliye nje ya stesheni. Ana majiko mawili na sufuria saba. Sufuria inayotaka kugeuzwa sasa hivi hukaa motoni, na ile ya maharage yaliyokwisha kuiva hushushwa chini, ipandishwe tena mteja akifika. Rejista za prosesa ndizo majiko hayo, chache na za haraka. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo sakafu, pana lakini ya mbali. Kigawa rejista huamua kila kigeu cha programu, yaani thamani iliyopewa jina, kikae kwenye rejista ipi, kwa muda gani, na kipi kishushwe nafasi zikijaa. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: mama lishe hawezi kuweka sufuria mbili juu ya jiko moja bila kuona. Kigawa rejista kinaweza, na hakuna kitakachomwagika mbele ya macho yako.

Ndiyo maana tabia isiyofafanuliwa ikiingia sehemu hiyo huwa na madhara ya pekee. Kanuni ya C inapokaa kimya kuhusu jambo fulani, kompaila iliyopewa msimbo huo ina uhuru wa kufanya lolote: kutoa jibu ulilolitarajia, kutoa jibu jingine, au kufuta mstari mzima kwa hoja kwamba mwandishi mwenye akili timamu asingeuandika. Mtu husema "kwangu inafanya kazi", naye hasemi uongo. Katika programu ya kawaida, uhuru huo huharibu jibu la programu hiyo moja. Katika kigawa rejista huharibu kila programu itakayopita mikononi mwa kompaila, na lawama humwangukia mwanafunzi aliyeandika hesabu sahihi.

Kuhusu bei na usakinishaji sina mengi. Aliyeweka GCC kwenye Ubuntu au Debian tayari anacho, kwa sababu maktaba yake huja na kompaila yenyewe, na wala hahitaji kununua bando la ziada. Kikaguzi hiki kimo ndani ya GCC tangu toleo la 4.9 la mwaka 2014. Unaongeza `-fsanitize=undefined` kwenye amri ya kutafsiri msimbo, unaendesha programu yako kama siku zote, basi. Majaribio yetu yakawa mazito kidogo kuliko kawaida, lakini si kwa kiasi cha kumfanya mtu ainuke kitini.

Sasa nieleze tulichokipata, maana tathmini ya kikaguzi bila kuonyesha kilichokamatwa ni sawa na kusifu nyavu bila kuonyesha samaki.

Kompaila yetu hugawa rejista kwa mbinu ya kupitia vipindi vya uhai wa vigeu, yaani muda ambao thamani ya kila kimoja bado inahitajika, kwa mstari mmoja, iliyoelezwa na Poletto na Sarkar mwaka 1999. Tuliichagua badala ya ile ya kupaka rangi grafu, inayohusishwa na Chaitin na wenzake wa IBM tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu ni fupi na mwanafunzi anaweza kuisoma yote kwa siku moja. Rejista zilizokwisha kukaliwa tunaziandika katika namba moja ambayo kila biti yake ni alama ya rejista moja. Sisi wenyewe tunaiita daftari. Mwanzoni tulilenga prosesa za x86-64 peke yake, zile za kompyuta mpakato za kawaida. Hizo zina rejista 16 za kazi za kawaida na 16 za XMM tulizozitumia kwa namba zenye desimali, jumla 32, na daftari la biti 32 likatosha barabara, kama vazi lililoshonwa kwa vipimo.

Kisha tukapata kompyuta ndogo za Raspberry Pi zenye mfumo wa biti 32, na ikabidi kompaila itoe msimbo wa ARM, aina ya prosesa iliyomo humo. Huko kuna rejista 16 za kawaida, r0 hadi r15, na 32 za desimali, d0 hadi d31, jumla 48. Tukapanua daftari likawa la biti 64, tukapongezana, tukaendelea. Hatukugusa sehemu zilizoandika `1 << r`, yaani zinazochukua moja na kuisogeza kushoto hadi kwenye biti ya rejista inayohusika. Ile moja, katika C, ni namba ya kawaida ya biti 32. Kuisogeza kwa hatua 32 au zaidi ni jambo ambalo kanuni haikulifafanua, hata kama sanduku unaloliwekea jibu lina biti 64. Sisi tuliongeza vyumba kwenye nyumba bila kuongeza funguo.

Hitilafu hii ilikaa muda mrefu kwa sababu ilijificha nyuma ya desturi nyingine ya ARM. Rejista d8 hadi d15, funksheni (kipande cha programu kinachoitwa na kingine) ikiitwa inapaswa kuzirudisha kama ilivyozikuta, kwa hiyo kuzitumia kuna gharama ya kuzihifadhi kwanza. Kigawa chetu, kwa busara yake, huanza na d0 hadi d7, kisha huruka hadi d16 na kuendelea, na zile za katikati huzigusa mwishoni. Katika hesabu yetu d16 ni rejista namba 32. Maana yake ni kwamba programu yenye namba za desimali nane zilizo hai kwa wakati mmoja ilikuwa salama, na ya tisa ndiyo iliyokanyaga mahali pabovu.

Mwanafunzi mmoja aliandika programu ya kumsaidia shangazi yake anayenunua dagaa Kibirizi. Ilikuwa na namba kumi zilizotolewa kwenye jedwali: uzito wa magunia, bei, vibarua, chumvi na mengineyo, ya tisa ikiwa nauli ya boti, shilingi 8,000, na ya kumi ushuru, shilingi 1,500. Tulipoitafsiri programu hiyo kwenye kompyuta mpakato na kuihamishia kwenye Pi, jumla ilitoka sahihi. Ilipotafsiriwa juu ya Pi yenyewe, jumla ilipungua kwa shilingi 6,500. Kijana aliipeleka karatasi nyumbani hivyo hivyo. Siku iliyofuata nilimkuta shangazi yake njiani, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Hesabu yenu nzuri, ila mwenye boti hajalipwa."

Alikuwa sahihi kuliko sisi. Nauli na ushuru vilikuwa vimewekwa kwenye d16, sufuria mbili juu ya jiko moja. Ushuru ulifuta nauli, kisha ukahesabiwa mara mbili.

Kwa nini kompyuta mpakato ilitoa msimbo sahihi na Pi ikatoa mbovu, ilhali faili la kompaila lilitokana na msimbo uleule? Prosesa ya x86 inapoamriwa kusogeza namba ya biti 32 hutazama biti tano za chini tu za idadi ya hatua. Hatua 32 kwake ni sawa na sifuri, hivyo alama ya d16 iliangukia kwenye biti ya r0. Kila tulipouliza kama d16 imekaliwa, swali nalo liliangukia hapohapo. Rejista mbili zikawa zinashiriki alama moja: r0 ikikaliwa, d16 inaonekana imejaa, na kinyume chake. Ni uchoyo, na vigeu vilishushwa kwenye kumbukumbu bila sababu, lakini hakuna aliyemkalia mwenzake. Prosesa ya ARM katika hali ya biti 32 hutazama baiti nzima ya chini ya idadi ya hatua, na hatua 32 kwake hufuta biti zote. Alama ikawa sifuri. Kuandika sifuri daftarini si kuandika kitu, na kuuliza kwa sifuri hujibiwa kila mara kwamba nafasi ipo. Kila aliyefika akapewa d16.

Hapo ndipo nilipokipenda kikaguzi hiki. Nilikiwasha kwenye kompyuta mpakato, mahali ambapo jibu lilikuwa sahihi, na kabla majaribio hayajafika nusu kiliandika jina la faili, namba ya mstari na safuwima, kikisema kwamba hatua 32 ni nyingi mno kwa namba ya aina ya int yenye biti 32. Hakikuhitaji jibu liharibike ndipo kiseme. Kwa siku mbili nzima nilikuwa nimekaa na karatasi, nikilinganisha amri za ARM zilizotoka pande mbili, na sikuwa nimefika popote. Ukiweka `print_stacktrace=1` kwenye kigeu cha mazingira `UBSAN_OPTIONS`, hukutajia pia ni funksheni ipi iliyoiita ipi mpaka kufika hapo, jambo lenye thamani kubwa sana katika kigawa rejista, kwa sababu funksheni ya kuweka alama huitwa kutoka kila kona.

Marekebisho yenyewe yalikuwa ya herufi chache: `UINT64_C(1) << r` badala ya `1 << r`, katika sehemu saba. Moja kati ya hizo ilinifundisha jambo. Kwa rejista namba 31, yaani d15, kusogeza moja hadi biti ya mwisho ya namba inayoweza kuwa chanya au hasi nako hakukufafanuliwa na kanuni ya C, na kivitendo hutoa namba hasi. Namba hasi ya biti 32 ikitiwa kwenye sanduku la biti 64 hutandaza alama yake ya hasi hadi juu, hivyo kuikalia d15 peke yake kulikuwa kunaandika daftarini kwamba kila rejista kuanzia hapo hadi biti ya 63 imekaliwa. Kompaila haikukosea jibu kwa sababu hiyo. Ilikuwa tu inajinyima rejista 16 bila kumwambia mtu.

Hitilafu ya pili nitaipitia haraka. Gharama ya kushusha kigeu tulikuwa tunaipata kwa kuzidisha idadi ya matumizi yake kwa kumi kwa kila mzunguko (amri zinazorudiwa) uliomo ndani ya mwingine. Kigeu kinachotumiwa mara tatu ndani ya mizunguko tisa iliyopachikana kinapata gharama ya 3,000,000,000, ilhali int inakomea 2,147,483,647. Kwenye mashine zetu ikageuka kuwa hasi 1,294,967,296, na kigeu kilichostahili kuwa cha mwisho kushushwa kikawa cha kwanza. Mwanafunzi haandiki mizunguko tisa, lakini kompaila inayopachika funksheni ndani ya nyingine huijenga yenyewe. Tukaweka kikomo kwenye kina. Bila UBSan nina hakika tusingeijua hitilafu hii kamwe, maana programu zilikuwa sahihi, zikienda polepole mahali ambapo zilipaswa kukimbia.

Malalamiko yangu makubwa ya kwanza ni kuhusu mazoea ya kikaguzi hiki kinapoachwa kama kilivyo. Kikikuta kosa huandika ujumbe, kisha huiacha programu iendelee, na programu ikimaliza vizuri hurudisha sifuri, alama ya mafanikio. Skripti yetu ya majaribio ilikuwa inatazama alama hiyo tu. Kwa wiki ya kwanza tulikuwa na kikaguzi kinachopiga kelele ndani ya faili ambalo hakuna aliyelifungua, huku skripti ikituambia kwamba kila kitu ni shwari. Dawa ni kuongeza `-fno-sanitize-recover=all`, inayoisimamisha programu penye kosa la kwanza na kuifanya irudishe alama ya kushindwa. Ningetamani iwe hivyo tangu mwanzo. Jambo jingine la kujua ni kwamba mstari mmoja ukikosea mara elfu katika mwendo mmoja, ujumbe hutolewa mara moja tu. Hiyo ni fadhila kwa macho, lakini usihesabu ujumbe ukadhani umehesabu makosa.

Nifike sasa kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike tathmini hii, kwa sababu linahusu mtumiaji kuliko chombo.

Vigeu vilivyoshushwa vikihitajiwa tena lazima vipandishwe kwenye rejista za muda kabla amri haijavitumia. Tulikuwa tumetenga rejista mbili za muda, tukiamini kwamba amri yoyote husoma vitu viwili. Iliyo huru tuliitafuta kwa `__builtin_ctz`, ambayo huhesabu sifuri zilizo upande wa chini wa namba, hivyo kutoa nafasi ya biti ya kwanza yenye moja. Lakini ARM ina amri ya `mla`, ya kuzidisha na kujumlisha kwa pamoja, na hiyo husoma vitu vitatu. Vyote vitatu vikiwa vimeshushwa, rejista za muda zinaisha, daftari lao linakuwa sifuri, na kuiuliza `__builtin_ctz` kuhusu sifuri ni tabia isiyofafanuliwa. Amri ya zamani ya x86, `bsf`, haina jibu rasmi kwa sifuri. Mrithi wake, `tzcnt`, aliyekuja kwa Intel na kizazi cha Haswell mwaka 2013, hujibu 32. Kwa kuwa amri hizo mbili huandikwa kwa baiti zinazofanana isipokuwa kiambishi kimoja ambacho prosesa za zamani hukipuuza, kompyuta mbili za x86 zenye umri tofauti zinaweza kuendesha faili lilelile na kutofautiana. Ukaguzi wa jambo hili umo ndani ya GCC tangu toleo la 8 la mwaka 2018, nao ulitupigia kelele mara moja tulipoanza kulisha kompaila programu zilizotungwa na mashine kwa kubahatisha.

Mwenzangu aliishughulikia jioni ile. Asubuhi akaniita.

"Kaka, imenyamaza."

"Mbona imenyamaza upesi hivyo?"

Alikuwa ameongeza mstari mmoja: kama daftari ni sifuri, rudisha sifuri. Kikaguzi kiliridhika kabisa, na kwa mujibu wa kazi yake kilikuwa na haki ya kuridhika, kwa sababu hakuna tena jambo lisilofafanuliwa lililokuwa linatendeka. Lakini sifuri, kwa kigawa rejista, si jibu tupu. Ni r0, rejista inayobeba thamani ya kwanza anayopewa kila anayeitwa, na pengine muda huo ilikuwa na kigeu cha mtu. Kabla ya marekebisho, hitilafu ilikuwa inatokea kwenye baadhi ya mashine, na juu ya Pi ilikuwa inajibu 32, ambayo kwetu ni d16, kwa hiyo hatua inayofuata ilikataa kwa kelele kuitumia rejista ya desimali kama ya kawaida. Baada ya marekebisho, hitilafu ikawa inatokea kila mahali, kwa utaratibu, kimyakimya, na kwa mujibu wa kanuni zote za lugha ya C. Tulikuwa tumefunika kombe ili mwanaharamu apite, na mwanaharamu akahamia ndani.

Simlaumu, na nilimwambia hivyo. Ujumbe wa kikaguzi unataja mstari uliovunja kanuni, na macho ya mtu hubaki kwenye mstari huo. Swali la kigawa rejista lilikuwa juu zaidi: rejista za muda zikiisha, tufanye nini? Jibu sahihi ni kushusha kimojawapo, au kutenga rejista ya tatu, au kuigawanya `mla` iwe amri mbili, ya kuzidisha na ya kujumlisha. Tulichukua njia ya mwisho. Mahali palipoita `__builtin_ctz` tuliweka sharti linaloisimamisha kompaila papo hapo na kutoa maelezo, kwa imani kwamba kompaila inayokataa kazi ni afadhali kuliko ile inayoikubali na kuiharibu. Tangu siku hiyo tumejiwekea utaratibu kwamba marekebisho ya ujumbe wowote wa UBSan hayaingii mpaka aliyeyafanya aandike, kwa sentensi moja, kigawa rejista kilipaswa kuamua nini pale. Sentensi ikishindikana, marekebisho hayajakamilika.

Kuhusu mipaka yake, mtumiaji ajue kwamba kikaguzi hiki huona njia iliyopitiwa tu. Ile hitilafu ya d16 isingeonekana kama majaribio yetu yote yangekuwa na namba za desimali nane au pungufu, na kwa mwaka mzima ndivyo yalivyokuwa. Ndiyo sababu tuliandika kitengenezaji cha programu za kubahatisha, kinachoongeza vigeu hadi rejista zote zijae na kupita. Nguvu ya UBSan kwenye kazi hii ni sawa na upana wa majaribio unayokilisha.

Halafu kuna makosa ambayo si yake. Tunapokipasua kipindi cha uhai wa kigeu kuwa viwili, orodha ya vipindi huongezeka, na ikijaa huombewa nafasi kubwa zaidi kwa `realloc`. Msimbo wetu ulikuwa bado umeshika kielekezi, yaani anwani, cha mahali pa zamani. UBSan haikusema neno, na haikupaswa; aliyetuonyesha ni ASan, ndugu yake wa upande wa kumbukumbu, na wawili hao huweza kuwashwa pamoja kwa `-fsanitize=address,undefined`. Kigeu kilichosomwa kabla ya kupewa thamani kilitupita pia, tukakipata kwa Valgrind, kikaguzi kingine. Na namba zisizoweza kuwa hasi zikizunguka kutoka sifuri kwenda juu kabisa, kikaguzi hunyamaza, kwa sababu kanuni ya C imelifafanua jambo hilo na kuliruhusu. Lakini katika kukokotoa umbali wa nafasi ya kigeu kilichoshushwa, mzunguko wa namna hiyo ni kosa la wazi la mwandishi. Clang ina swichi ya pekee ya kulikamata, `-fsanitize=unsigned-integer-overflow`, ambayo haimo kwenye kifurushi cha kawaida.

Nikilazimishwa kutoa nyota, ningetoa nne kati ya tano. Moja naizuia kwa sababu ya ile tabia ya kupiga kelele kisha kurudisha alama ya mafanikio. Kwa mwenye kompaila yake mwenyewe, au hata sehemu ndogo ya kompaila, sioni sababu ya kutokitumia. Watunzaji wa GCC wenyewe wameweka usanidi uitwao `bootstrap-ubsan`, wa kuijenga GCC ikiwa chini ya ukaguzi huuhuu, kwa hiyo si chombo wanachokiuza kwa jirani huku wao hawakionji. Kwa mwanafunzi wa muhula wa kwanza wa C, ningemwambia akiwashe tangu siku ya kwanza, lakini asome ujumbe akiwa na mwalimu karibu, kwa sababu maneno yake yameandikwa kwa mtu anayezijua kanuni tayari.

Ujumbe mmoja tulibishana juu yake hadi wiki iliyopita. Kigeu ambacho uhai wake hauna mapengo kina orodha tupu ya mapengo, na kielekezi chake ni NULL, yaani hakielekezi popote. Tunapokinakili tunaita `memcpy` tukiiambia inakili baiti sifuri kutoka NULL. Mwenzangu alisema hakuna baiti iliyoguswa, kwa nini tusumbuliwe? Kwa kanuni ya C tunayoitumia, hata baiti sifuri haziruhusiwi, na GCC ikiona mwito huo huwa na haki ya kudhani kwamba kielekezi si NULL, kisha kufuta swali linalofuata chini yake la kama ni NULL au la. Kwetu sisi swali hilo ndilo linaloamua kama kigeu kinaweza kushirikishwa rejista na mwingine. Kamati ya C ilikubali mwaka 2024 kuliruhusu jambo hilo katika toleo lijalo la lugha. Kompyuta zetu bado zina kompaila za zamani, kwa hiyo juu ya mstari ule sasa pana `if (n > 0)`, na pembeni yake mwenzangu ameandika kwa Kiswahili: usiondoe, hata ukiona hauna kazi.